Picha ya ndege sio ramani: mita 11 za kihamba cha Kibosho

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Moshi nilimpa mzee mmoja wa Kibosho mita 11 za ardhi ambazo hazikua zake. Nilimpa kwa rula tu, mezani, bila hata kufika shambani. Nilikua na picha ya ndege mbele yangu, picha safi kabisa, nikaiamini kama vile ndio ramani yenyewe, na tangu siku ile sijawahi kuangalia picha ya juu bila kujiuliza kwanza ndege ilikua wapi.

Ngoja nieleze ilivyokua. Nilikua nimetoka kumaliza diploma ya upimaji Morogoro, nikapata sehemu ya kujishikiza kwa jamaa mwenye kaofisi ka upimaji mjini. Siku moja wakaja watu wa ukoo mmoja, mzee na watoto wa mdogo wake marehemu, wanagombania mpaka wa kihamba, yani shamba la ukoo la migomba na kahawa, babu yao aligawa kwa mdomo na waliokuwepo siku ya kugawa wote wameshatangulia mbele za haki. Upande mmoja unasema mpaka ni njia ya zamani iliyokua inatoka barabarani kwenda kwenye mfongo, ule mfereji wa maji wa kuchimbwa, upande mwingine unasema sawa, lakini hiyo njia ilikua wapi? Maana sa hivi hakuna njia, ni migomba mitupu na kahawa. Basi mmoja wao akasikia kuna picha zilipigwa na ndege zamani, kabla hata ya uhuru, wakahangaika wakapata nakala, wakatuletea.

Na kweli njia ilionekana. Kwenye picha ilikua kama uzi mweupe unashuka kutoka barabarani, migomba enzi hizo haikua imefunga hivi. Mimi nikafurahi sana aisee, nikaona kesi imeisha. Tukaikuza picha mara 10, nikapima kutoka kona ya barabara mpaka kwenye ule uzi, sentimita 2.8. Sasa ilibaki skeli tu, na skeli niliitafuta kwa njia ambayo nilidhani ni ya kitaalamu: nikachukua picha ya jirani iliyopigwa na ndege ileile kwenye safari ileile, ile inayoonyesha mjini, nikatafuta makutano mawili ya barabara ambayo bado yapo, nikaenda kuyapima umbali wake kweli kweli, nikalinganisha. Ikaja 1 kwa 40,000. Ukikuza mara 10 inakua 1 kwa 4,000, kwaiyo sentimita 1 ni mita 40, na 2.8 ni mita 112. Nikaandika mita 112 kwenye karatasi, mzee akaondoka na tabasamu, wale vijana wakaondoka kimya. Sura zao bado nazikumbuka.

Kilichoniokoa ni kwamba bosi wangu alikua na tabia ya kupeleka kazi zenye utata kwa mzee mmoja mstaafu, alifanya kazi ya kuchora ramani Dar miaka mingi kabla ya kompyuta, kwa wino na kalamu. Nikatumwa kwake na bahasha. Akavaa miwani, akasoma karatasi yangu, akaniuliza swali moja.

"Hii skeli umeitoa wapi mwanangu?"

"Mjini, mzee. Nimepima mwenyewe."

"Na kihamba kiko wapi?"

"Kibosho."

Akaiweka karatasi chini taratibu. Akaniuliza kama nimeshawahi kuona picha ya harusi ambayo mtu mmoja amesimama karibu sana na mpiga picha, kichwa chake kinakua kikubwa kuliko cha bwana harusi. Nikasema ndio. Akasema basi Kibosho ndio huyo mtu, imesimama karibu na kamera kuliko mjini.

Hapo ndipo nilielewa, na nilielewa kwa aibu. Mjini Moshi ni kama mita 850 kutoka usawa wa bahari, kule kwa mzee ni kama mita 1,450. Ndege yenyewe hailijui hilo, inaruka usawa uleule tu kwenye mstari wake. Kamera za aina ile, kutoka lenzi mpaka filamu ni milimita 152, na skeli ya picha ni hizo milimita ugawe kwa umbali wa ndege kutoka chini. Juu ya mjini ndege ilikua kama mita 6,080 kutoka ardhini, ndio unapata ile 1 kwa 40,000. Lakini ikifika Kibosho ardhi imeinuka mita 600 kuifuata, umbali unabaki mita 5,480, na skeli inakua kama 1 kwa 36,000. Ndege ileile, kamera ileile, asubuhi ileile, na skeli mbili! Sentimita zangu 2.8 hazikua mita 112, zilikua mita 101 hivi. Na hata ndani ya picha moja skeli sio moja, kila kilima kina skeli yake na kila bonde lina yake, yani ukiweka rula juu ya picha ya Kilimanjaro unapima kwa rula inayorefuka na kufupika njiani.

Ramani haiko hivyo. Ramani inachorwa kana kwamba unaiangalia kila sehemu wima kabisa kutoka juu yake, kila nyumba, kila kona, kila jiwe, hakuna sehemu iliyo karibu wala iliyo mbali. Hakuna jicho linaloweza kuona hivyo na hakuna lenzi inayoweza kupiga hivyo. Kamera inaona kutoka sehemu moja tu, ndio maana vitu vya pembeni ya picha vinaonekana vimelala kuelekea nje, mnara unaegemea, mti unaegemea, na kilima kizima nacho kinasogea kutoka sehemu yake. Mzee mstaafu alinifanyia hesabu kwenye kipande cha karatasi: kilima cha mita 200 kilichoko milimita 80 kutoka katikati ya picha, ndege ikiwa juu mita 6,000, kilele chake kinasukumwa nje milimita 2.7 hivi. Milimita 2.7 unaona ni kitu kidogo. Ardhini ni mita zaidi ya 100, yani vihamba vitatu vinne vya watu.

Akanionyesha na laini ya umeme. Kwenye picha yake moja kulikua na njia ya nguzo iliyokatwa msituni, imepinda kama nyoka, nikamwambia labda walikua wanakwepa kitu. Akacheka akasema hakuna fundi anayevuta waya kwa kupinda pinda, laini imenyooka kabisa, ni korongo ndilo linaipinda kwenye picha, ikishuka bondeni inavutwa huku ikipanda mgongoni inasukumwa kule. Ukisahihisha picha kwa kutumia vimo vya ardhi, ile laini inanyooka. Picha iliyosahihishwa hivyo ndio hiyo watu siku hizi wanaita othofoto, na hiyo ndio unaweza kuiwekea rula.

Nilianza kwenda kwake kila Jumamosi. Alikua na stereoskopu ya mfukoni, vioo viwili vyenye miguu ya waya, na hapo nikajua kwa nini ndege ya ramani inapiga picha zinazopishana, asilimia 60 hivi ya picha moja inarudiwa kwenye inayofuata. Ukiziweka mbili sambamba, jicho la kulia linaangalia moja na la kushoto nyingine, mara unaona ardhi inainuka kutoka mezani. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilinyanyua kichwa nikaangalia kama kuna mtu mwingine ameona. Migongo ya Kibosho imesimama, mabonde yamezama, minara ya makanisa imechomoza kama sindano. Nikamwambia mzee mbona mto Karanga unapita juu ya mlima? Akanyoosha mkono akabadilisha zile picha, ya kulia akaiweka kushoto, na mto ukadumbukia bondeni kwake. Nilikua nimezipanga kinyume, na macho yakakubali uongo bila kubisha.

Hata picha moja peke yake inaweza kukufanyia hivyo, na hii nawaambia vijana wote ninaofanya nao kazi: geuza picha mpaka vivuli vije upande wako. Vikienda mbali na wewe, mabonde yanageuka kuwa vilima machoni. Huku kwetu picha nyingi zimepigwa asubuhi, maana anayejua mlima anajua kufika saa nne saa tano mawingu yameshakaa, kwaiyo marubani walikua wanawahi. Pembeni mwa zile picha za zamani kuna saa ndogo ya mviringo imepigwa pamoja na picha, na altimita ya kuonyesha kimo cha ndege, na kipovu cha kipimamaji kinachoonyesha kama kamera imelala. Ya kwetu ya Kibosho ilikua inasoma saa tatu kasoro. Watu wanaikata hiyo pembeni wakitengeneza nakala ili ionekane nzuri, na wanakua wamekata nusu ya maelezo.

Alafu kuna mifongo. Hii inaniuma kidogo kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa huko. Kuna ramani moja ya zamani niliwahi kuiona imechora mfongo wa kwetu kama mto, na ninaelewa kabisa aliyechora alivyokosea, yuko mbali mezani, anaona mstari mweusi wa miti na unyevu, anachora mto. Ila mto unafuata bonde, unashuka. Mfongo umechimbwa na watu, unaacha mto huko juu alafu unatembea kwenye ubavu wa mlima karibu kwa usawa, unazunguka mgongo, unavuka kwenda upande wa pili ambako hakuna maji. Ukiuangalia kwenye stereoskopu unaona kabisa hauendi na mteremko kama maji yanavyotaka, unaenda kama watu walivyotaka. Babu zetu waliupima huo mteremko kwa macho, na ukiufuata kwenye picha unaona walikua wapimaji haswa. Mimi nikiuona kwenye picha najivunia, sifichi.

Ramani zetu za 1 kwa 50,000, zile zenye kontua za kahawia, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ambazo wengi tumezitumia shuleni, zimetoka kwenye picha za namna hiyo. Baada ya vita ya pili ya dunia, mwaka 1946, Waingereza walianzisha idara ya kupima makoloni, ikaja kuitwa DOS (Directorate of Overseas Surveys), na ndege za jeshi lao zikaanza kupiga picha sehemu kubwa za Afrika. Kabla ya hapo mlima ulishapigwa picha kutoka angani na rubani Mswisi Walter Mittelholzer mwaka 1930, ila picha zake zilipigwa kwa pembeni, ni nzuri za kuangalia na ngumu kupimia. Kazi ya kutoa kontua ilikua hivi: fundi anakaa kwenye mashine yenye picha mbili, anaona ardhi imesimama, ndani ya macho yake kuna kidoti, anakishusha mpaka kiguse ardhi, alafu anakitembeza kwa kimo kilekile bila kuzama wala kuelea, na penseli pembeni inachora. Siku nzima. Penye msitu mnene hakuna ardhi ya kugusa, anagusa vichwa vya miti na kukadiria. Tangu nijue hilo, kontua za ukanda wa msitu wa Kilimanjaro nazisoma kwa heshima ila kwa tahadhari.

Na picha hizi zikitunzwa zinasema mambo ambayo hakuna aliyezitarajia ziseme. Barafu ya Kibo, kilele kikubwa cha Kilimanjaro, ilipimwa kwenye ramani ya Wajerumani ya mwaka 1912 ikawa kama kilomita za mraba 12, picha za ndege za mwaka 2000 zikakuta chini ya 3. Bila mtu kuweka picha na ramani pamoja tungebaki tunabishana tu kama theluji imepungua au macho yetu.

Turudi kwa mzee wa Kibosho. Nilipanda mwenyewe na daladala nikamweleza, nikamwambia mzee shikamoo, nilikosea, ni mita 101. Nilidhani atanifukuza. Aliniita ndani, akaleta kahawa, akataka nimweleze kwa nini, nikamweleza ile ya picha ya harusi. Akakaa kimya kidogo akasema, "Basi waite na wale watoto, tupime kwa kamba." Tukapima kwa kamba, pande zote mbili zimeshika, mlalo sio kufuata mteremko, na karibu kabisa na mita 101, chini ya migomba, kulikua na masale matatu, ile mimea tunayopanda mpakani, yamezeeka, yamepinda, mojawapo limeshakua na shina nene kama mguu. Isale kwetu ndio bikoni, jiwe la mpaka la mpimaji. Hakuna picha ya ndege duniani ambayo ingeyaona yale masale, majani ya migomba yameyafunika kabisa. Mama mmoja wa upande wa pili akasema haya mimi nilikua nayafyekea kila mwaka, sikujua ni ya nini.

Sasa hivi nafanya kazi na droni. Vibali vipo vya kutosha kukuchosha, lakini ukishapata, unaruka mita 100 juu ya kitongoji na jioni una othofoto ambayo unaweza kuhesabu mabati. Watu wanaona ile picha kwenye laptopu wanasema sasa mpimaji hana kazi, chora tu juu yake. Nawaelewa, hata mimi nilidhani hivyo miaka ile. Ila bati sio ukuta, bati limetokeza nje nusu mita, wakati mwingine zaidi, na ukichora nyumba kwa kufuata bati unakua umekula uchochoro wa jirani. Ua wa michongoma ukikua unanenepa, mpaka uko katikati ya shina sio pale majani yanapoishia. Na ile othofoto haijisahihishi kwa uchawi, inabidi uwe umeweka alama chini kabla ya kuruka, sisi tunachora misalaba ya chokaa na kuipima kwa GPS ya upimaji, mingine unaiacha bila kuiingiza kwenye programu ili uitumie kuikagua kazi mwishoni. Nimekutana na kazi za watu ambazo hawakuweka hata alama moja, picha inapendeza kweli kweli, na imesogea mita tatu.

Kusogea kukubwa kuliko kote nilikoona kulitokana na ramani yenyewe, sio picha. Nilichukua namba za kona kutoka kwenye ramani ya zamani, nikaziingiza kwenye GPS kama zilivyo, nikatembea kuzifuata huko Uru, nikajikuta nimepandishwa karibu mita 300 kaskazini, katikati ya kahawa ya mtu. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, GPS inakuja imewekwa WGS84, yani mifumo miwili tofauti ya kuhesabu sehemu ilipo duniani, na kwa huku kwetu tofauti ni hiyo. Tangu hapo, kabla sijaweka picha mpya juu ya ramani ya zamani, naangalia kwanza pembeni chini kwenye yale maandishi madogo.

Siku hizi nikimaliza kuruka sianzi kuchora. Nachapisha picha kubwa, naipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, naitandika kwenye benchi, na watu wanakuja. Dakika tano za kwanza kila mtu anatafuta nyumba yake. Baada ya hapo ndio kazi inaanza: hii njia ni ya wote au ya familia? Huu mfongo bado unatoa maji? Hapa mnapaitaje? Jina moja utaambiwa matamshi matatu, na bibi mmoja atawanyamazisha wote. Naandika kwa penseli, naenda na miguu, narudi.

Mwezi uliopita mzee wa Kibosho alikuja ofisini, sa hivi anatembea na fimbo na mjukuu wake amemshika. Hakua na kesi. Alitaka ile picha ya zamani, ile ya mita 112, akasema usiku alikua anafikiria kwamba kama njia ilionekana basi na nyumba ya mama yake itakua ipo. Nikaitafuta, nikaikuza mpaka inaanza kuvunjika punje, na kweli, pembeni ya ule uzi mweupe kulikua na doti la kijivu la mviringo na kivuli chake kidogo kimelalia magharibi. Msonge. Akainama akaliangalia muda mrefu, pumzi zake nazisikia kwenye karatasi. Alafu akaniambia niandike jina la mama yake pale, nikachukua penseli, nikaandika herufi ndogo ndogo kwa uangalifu.

Akaweka kidole. "Hapo umeandika kwenye zizi la ng'ombe. Sogeza juu kidogo."

Nikafuta, nikasogeza.